Simu ya Kwenye Droo

Wateja wa maduka mengine huingia wakauliza bei. Wa duka lile walikuwa na swali lao. Mtu alisimama mbele ya kaunta ya kioo, akazikagua simu zote zilizopangwa humo, akajitia kusoma vikaratasi vya maelezo asivyovielewa, kisha akainua uso na kumwuliza muuzaji: "Na wewe mwenyewe unatumia ipi?"

Muuzaji alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, na mtaa mzima ulimwita Hakimu. Jina lake la kwenye cheti lilibaki kwa mwenye duka na kwa shangazi yake, na hata hao walilitumia wakikasirika tu. Miaka kumi na tisa alikaa nyuma ya kaunta ile. Kushoto kwake palikuwa na studio ya picha za pasipoti, kulia kibanda cha mchonga funguo ambaye mashine yake ilipiga kelele kutwa. Simu yake mwenyewe aliilaza juu ya kioo, kando ya kitabu cha risiti, kila mtu aione. Hiyo ndiyo iliyouza. Makampuni yalibandika mabango ya watu wenye meno meupe mpaka ukuta ukaisha, lakini mteja alikinyooshea kidole kile kisimu chenye kava lililochakaa na kusema, "Nipe kama hiyo."

Imani hiyo haikudondoka kutoka juu. Mwaka wake wa pili kazini alimwuzia mkunga mmoja simu ambayo yeye hakuwahi kuishika zaidi ya kuitoa kwenye boksi. Simu yenyewe haikuwa mbovu, ila mlio wake ulikuwa wa chini mno. Mkunga akawa sokoni, simu inalia mfukoni, hana habari, na mtoto akazaliwa mikononi mwa jirani aliyekuwa akitetemeka. Bahati tu wote walipona. Siku ya pili mkunga akaja dukani. Hakufoka wala hakutaka arudishiwe chochote. Aliiweka simu juu ya kaunta na kuuliza, "Wewe ungeitumia hii?" Hakimu akasema hapana. Mkunga akaondoka zake, na swali lile likamkaa Hakimu rohoni mpaka akala kiapo: hatauza simu ambayo hajaitumia wiki nzima kwa shughuli zake mwenyewe, akaridhika nayo. Na kiapo alikitunza. Nasema alikitunza, mpaka alipoingia Bwana Mkoba.

Jina hilo alipewa na mchonga funguo, kwa sababu ya mkoba wa ngozi ambao hakuuweka chini hata alipokuwa anakunywa maji. Cheo chake kwenye kadi kilichukua mistari mitatu. Kwa kifupi, kazi yake ilikuwa kuwashawishi watu wahamie kwenye mfumo mpya wa simu uitwao Wepesi. Alieleza kwamba mfumo ndio roho ya simu, ndio unaoendesha kila kitu humo ndani, na kwamba mifumo ya siku zote imenenepa na inakula chaji bila haya.

"Sawa," Hakimu akasema. "Mbona sijamwona hata mtu mmoja na huo Wepesi wako?"

Bwana Mkoba akashusha pumzi. Kwanza alikwenda kiwandani. Wenye kiwanda wakasema watatengeneza simu nyingi siku kampuni ya mtandao itakapokubali kuziuza. Akaenda kampuni ya mtandao. Wakamkaribisha chai, wakasema wazo ni zuri sana, watalikubali mara tu programu zitakapopatikana, hasa ile ya ujumbe na video ambayo kila mtu na jamaa zake wamo. Akawafuata watengeneza programu. Hao hawakumpa hata chai, walimwuliza ana watumiaji wangapi. Basi akawaendea watumiaji, nao wakamwuliza simu zenyewe ziko wapi.

"Kwa hiyo mko kama wageni mlangoni," Hakimu akacheka. "Pita wewe, aka, tangulia wewe, na chakula mezani kinapoa."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, dada. Mtu wa kuingia kwanza ni wewe. Nimeuliza mji mzima, nimeambiwa watu hapa hawanunui simu, wananunua ile iliyo juu ya kaunta yako."

Sasa mtu akikwambia hivyo, na wewe umekaa miaka kumi na tisa ukipokea vumbi la mchonga funguo, kichwa hakivimbi? Cha Hakimu kilivimba. Hata hivyo kiapo ni kiapo, akaichukua simu ya Wepesi na kuitumia wiki nzima. Betri, jamani, ilikuwa ya ajabu. Siku tatu bila kuigusa chaja! Lakini alipofungua ghala la programu alikuta programu kumi na nne: tochi kumi na moja, dira mbili, na mchezo wa kupasua mapovu. Ile programu ya ujumbe, ambamo lilikuwamo kundi la ukoo wake, haikuwapo. Siku ya nane akairudisha.

"Inamfaa mtu aliyepotea gizani," akasema. "Mimi sijapotea. Nataka ndugu zangu, na humu hawamo."

Bwana Mkoba hakubishana. Aliondoka, akarudi pamoja na mwenye duka, ambaye tayari alishaahidiwa sura mpya ya duka, rangi na taa. Wakafunua karatasi kubwa juu ya kaunta. Ilikuwa mfano wa bango litakalosimamishwa njia panda: Hakimu mwenyewe, mita nne kwenda juu, miwani shingoni, simu ya Wepesi mkononi, na chini yake maandishi manene, HAKIMU AMEAMUA.

"Programu ya ujumbe inakuja," Bwana Mkoba akasema. "Miezi mitatu. Wanangoja kuona watu tu."

"Miezi mitatu ni nini, Hakimu?" akadakia mwenye duka. "Si kufumba na kufumbua?"

Hakimu aliitazama picha ile kwa muda. Walikuwa wamempunguza tumbo, na kusema kweli alipendeza. Hilo ndilo lililomponza, wala tusimtafutie sababu nyingine yenye heshima zaidi. Akaiweka Wepesi juu ya kaunta. Simu yake ya siku zote, yenye namba yake na ndugu zake wote ndani, akaizungushia kitambaa cha kufutia vioo na kuitumbukiza kwenye droo, chini ya kadi za waranti. Kwa muda tu, alijiambia.

Watu wakaja, wakauliza, "Unatumia ipi?" Akawa ananyoosha kidole. Mdomo wake haukutoa uongo hata mmoja, kidole ndicho kilichosema. Fundi cherehani akanunua. Kinyozi akanunua mbili, yake na ya mkewe. Waliporudi kulalamika kwamba hawaoni jamaa zao humo, aliwaambia wavumilie miezi mitatu, nao wakalitazama bango kule njia panda, wakanyamaza.

Wiki ya tatu akaja Shangazi.

Huyu ni dada wa baba yake, na ndiye aliyemlea tangu darasa la pili, baba alipofariki. Alikuwa karani wa posta mpaka alipostaafu, mama wa watu anayegeuza hata sindano mara tatu kabla ya kuinunua. Binti yake wa pekee alikuwa ng'ambo kikazi, alijifungua hukohuko, na kila siku saa kumi na mbili jioni Shangazi alioga, akavaa nguo safi, akajipaka poda na kuketi mbele ya simu kumtazama mjukuu ambaye hajawahi kumbeba. Ile poda ilikuwa kwa ajili ya mtoto wa miezi kumi. Sasa simu hiyo ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Simu imekufa maji. Halafu nimekuona kule njia panda, wamekukondesha, hawakupi chakula hao?" Akacheka, kisha akaishika kaunta kwa mikono miwili. "Haya niambie. Wewe unatumia ipi?"

Palepale droo ikatetemeka. Kundi la ukoo hilo; mlio wa kundi alikuwa ameuzima, ukabaki mtetemo. Hakimu akakohoa kwa nguvu na kuibana droo kwa goti.

Angeweza kusema. Maneno yenyewe hayafiki kumi: Shangazi, hii haikufai, mtoto hutamwona. Lakini mwenye duka alikuwa amesimama ubavuni, kinyozi naye alikuwa ameingia kuulizia kava, na lile bango la mita nne lilionekana vizuri kabisa kupitia mlangoni.

"Hii," akasema. Safari hii kwa mdomo.

"Basi nipe hiyohiyo," Shangazi akasema, na hakuigeuza hata mara moja.

Alipogundua kwamba mtoto haonekani, hakununa. Alipita dukani akauliza, "Wamesema miezi mitatu?" Hakimu akaitikia kwa kichwa. "Haya. Kama wewe unavumilia, mimi ni nani nishindwe?" Akawa anapiga simu ya kawaida, ya sauti tu. Saa kumi na mbili alioga vilevile, akajipaka poda vilevile, akaweka simu sikioni na kumsikiliza mjukuu akipumua.

Mwezi wa pili mtoto akatembea. Hakimu alimwona. Droo ilitetemeka asubuhi, akainama kana kwamba anatafuta karatasi za risiti, akafunua kitambaa: mtoto kashika kiti, kaachia kiti, hatua moja, ya pili, ya tatu, puu! kakaa kwa makalio, anacheka. Hakimu naye akacheka kwa sauti, kichwa kikiwa ndani ya droo, mpaka mteja akauliza kulikoni. Aliitazama video ile mara nne kabla ya kuifunika.

Jioni Shangazi akapita, mwendo wa haraka, hata hakungoja salamu. "Binamu yako ananiambia mtoto katembea! Anasema katuma video kwenye kundi. Wewe umeiona?"

"Nitaionaje, Shangazi? Si na mimi niko kwenye Wepesi?"

Shangazi akamshika mkono, akautikisa kidogo. "Basi tuko wawili," akasema, akaenda zake amefarijika kabisa.

Hakimu alibaki na mkono ule juu ya kaunta. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Alijiona mchafu, na lile bango kule nje akatamani upepo ulichukue. Kesho nitamwambia, alisema. Kesho ikaja na wateja wake, na keshokutwa ikaja na mafua, na mtu anayetafuta kisingizio hajawahi kukikosa.

Miezi mitatu ikatimia. Hakimu akamkaba Bwana Mkoba mlangoni. "Programu iko wapi?"

"Wameuliza watumiaji wamefika wangapi, dada. Hawajaridhika bado. Lakini nimepata dawa. Tutawakusanya wote mahali pamoja, kiwanda, mtandao, watengeneza programu na watumiaji, kila mmoja amwone mwenzake kwa macho. Hapo nani atasema anamngoja nani?"

Wakakusanyika ukumbi wa chuo cha ufundi, saa tisa alasiri. Mkurugenzi wa kampuni ya mtandao alikuja na suti. Meneja wa kiwanda alikuja. Alikuja pia mama mmoja mtengeneza programu, aliyetambulishwa kwa makofi kuwa ndiye aliyebuni tochi saba kati ya zile kumi na moja. Nyuma yao wakaketi kina kinyozi na fundi cherehani. Safu ya mbele kabisa wakawekwa Hakimu na Shangazi, wamependeza. Hakimu alikuwa ameitoa simu ya droo na kuitia kwenye mkoba wake, maana duka lilifungwa siku hiyo na hakuweza kuiacha peke yake.

Bwana Mkoba akaomba watu wote wainue simu zao za Wepesi juu, zipigwe picha. Mikono ikapanda ukumbi mzima. Ilikuwa inapendeza kuangalia, usiseme. Hapo mkurugenzi wa mtandao, mpenda makofi, akaona na yeye atie lake. Akachukua kipaza sauti.

"Msishushe mikono! Mjue kwamba mtandao wetu na Wepesi sasa ni kitu kimoja. Nimeagiza ofisi iwatumie ujumbe wateja wetu wote, hivi sasa. Mtasikia simu zenu zikilia kwa pamoja."

Mkurugenzi wa mtandao mzima hakukumbuka jambo moja ambalo hata mchonga funguo angelikumbuka. Simu za Wepesi walizopewa wakubwa, na nyingi za wateja, zilikuwa na laini za zawadi, na laini hizo hakuna aliyejisumbua kuzisajili. Nani asajili laini ambayo hana nia ya kuitumia? Namba ya kweli ya kila mtu ilikuwa palepale ilipokuwa siku zote.

Zile simu zilizoinuliwa zikakaa kimya. Zikalia za mifukoni. Ilianza ya mkurugenzi mwenyewe, kwenye koti. Ikafuata ya meneja wa kiwanda. Mama wa tochi saba akajipapasa kiunoni. Kinyozi, ya kwake ililia kwenye soksi. Mkoba wa Bwana Mkoba ulilia mara mbili kwa milio miwili tofauti, na ndipo watu walipoelewa kwa nini alikuwa hauweki chini. Na wakati wote huo mikono iko juu, watu wanaitabasamia kamera, kila mmoja anajifanya kinacholia ni cha jirani.

Simu ya Wepesi iliyolia ilikuwa moja tu ukumbini, ya Shangazi, ambaye alikuwa ameitia laini yake ya kweli. Akaishusha, akavaa miwani, akausoma ujumbe wake kwa utulivu: Karibu katika dunia ya Wepesi, tuko pamoja.

Ndipo aliposikia kengele ya baiskeli. Krring, krring, ndani ya mkoba uliopakatwa na Hakimu. Mlio huo Shangazi aliujua vizuri, maana Hakimu aliuchagua miaka mingi iliyopita, ameketi kitandani kwake, kwa kumbukumbu ya baiskeli aliyojifunzia uani kwa Shangazi. Mama wa watu akautazama mkoba. Uso wa Hakimu hakuutazama.

"Soma, mwanangu," akasema taratibu. "Labda ni ndugu zako."

Walitoka kabla ya hotuba ya mwisho. Kulikuwa na benchi la saruji chini ya dirisha la karakana, Shangazi akaketi, na Hakimu akasimama mbele yake kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Akamwambia yote: droo, kitambaa, bango. Akamwambia na lile la mtoto. "Nilimwona akitembea, Shangazi. Niliitazama mara nne." Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyafuta.

Shangazi alingoja mashine ya karakana izimwe.

"Wale mle ndani wamenidanganya kwa kuwa ndiyo kazi yao," akasema. "Wewe ulinidanganya kwa kazi gani?"

Hakimu alifungua mkoba, akatoa ile simu yake na pini ya kufungulia laini aliyotembea nayo siku zote. Palepale kwenye benchi akabadilisha laini, ya Shangazi ikaingia kwenye simu ya zamani, ya kwake ikaingia kwenye Wepesi ya Shangazi. Akamfungulia na ile video. Shangazi akamtazama mtoto akiachia kiti. Akaitazama tena, na tena, na ya nne, akahesabu kwa sauti ndogo ili zilingane. Kisha akaitia simu kifuani, akainuka, akaenda zake bila kusema asante wala kwaheri.

Picha ya ukumbini ilitoka nzuri ajabu, mikono yote juu. Kwa picha hiyo Bwana Mkoba alipandishwa cheo na kupelekwa mji mwingine kuanza upya. Bango la njia panda likasahaulika palepale. Na dukani swali likaendelea kuulizwa.

"Wewe unatumia ipi?"

"Hii."

"Nipe basi."

"Usinunue. Ina betri tu."

Mteja akatoa macho. Lakini ndivyo ilivyokuwa: mwanamke aliyekula kiapo cha kutouza asichotumia, sasa akawa anatumia asichouza. Wengine walidhani amechanganyikiwa, wakahamia duka la ng'ambo ya barabara. Waliobaki walizijaribu simu wenyewe wiki nzima kabla ya kulipia, na yeye aliwaruhusu. Baadaye ikaja barua kutoka Wepesi, ya kumshukuru mtumiaji wao mwaminifu kuliko wote na kumjulisha kwamba wanafunga. Mama wa tochi saba alimtumia ya nane, kwa heshima.

Simu ile haimwoneshi mtoto. Kwa hiyo jioni ya kwanza baada ya mkutano ule, saa kumi na mbili kasoro, Hakimu alikwenda kubisha mlangoni kwa Shangazi.

Shangazi alifungua, ameshajipaka poda. "Unatumia ipi siku hizi?"

Hakimu akaiweka Wepesi mezani. Shangazi akanyoosha mkono, akauomba mkoba. Akatoa kitu kimoja kimoja: funguo, leso, dawa za kichwa, pini ya laini. Akapitisha vidole hata kwenye bitana. Akarudisha vitu vyote, akafunga zipu.

"Keti," akasema. "Mtoto anaamka sasa hivi."

Huu ni mwaka wa pili. Mtoto sasa anakimbia, na akiona watu wawili kwenye skrini anawaita wote bibi. Kila jioni Hakimu, kabla hajavuta kiti, huufungua mkoba mwenyewe na kuuweka mezani. Na kila jioni Shangazi huuchungulia.